Koo la Brashi

2 Machi
Binti yetu amenitumia daftari hili kutoka chuoni. Kwenye simu akaniambia, "Mama, hasira zako ziandike humo, usimmalizie baba." Haya, naanza, na hasira ya kwanza ni baba yake.

Mume wangu ni mchoraji wa mabango. Mtaa mzima unamwita Brashi, hata mama yake mzazi. Karibu kila duka kuanzia kituoni mpaka hospitali limepita mikononi mwake. Ni fundi kweli, hilo simnyimi. Lakini ana kasoro moja: hachori kitu asichokiona kwa macho yake. Mwenye bucha alipotaka kichwa cha ng'ombe, Brashi alishinda zizini mpaka ng'ombe akaanza kumfuata. Daktari wa meno alipotaka picha ya jino, aliniomba mimi nifungue kinywa, na mpaka leo gego langu linaning'inia juu ya barabara, jeupe kuliko nilivyowahi kuwa nalo.

Hasira ya pili ni sauti yake. Imekwaruza tangu mwaka uanze, na haipungui. Nikimwambia aende hospitali, anasema ni vumbi.

5 Machi
Mvua ya kwanza. Vumbi limelala, sauti bado inakwaruza. Kwa Brashi, mshtakiwa wa leo ni baridi.

9 Machi
Hospitali imempa kazi kubwa: ukuta wa nje unaotazama barabara. Wanataka picha ya kuwaonya watu kwamba sigara inaleta saratani. Nilikuwa nashona, nikacheka mpaka uzi ukanikatikia. Wamempa Brashi! Huyu anayewasha sigara kwa moto wa ile anayoimaliza!

"Unacheka nini?" akaniuliza kwa ile sauti yake ya kukwangua sufuria. "Nilipochora ng'ombe, uliniona nikila majani?"

Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa pembeni anachambua mchele. Akanikata jicho. "Muache mwanangu. Baba yake alivuta tangu ujana na hakuna kilichompata."

"Alifariki na nini, mama?"

"Kikohozi tu," akasema, akaendelea kuchambua.

13 Machi
Kwa kuwa hachori asichokiona, amejiwekea kioo sebuleni na kujivutia sigara mbele yake ili auone moshi unavyopanda. Pakiti nzima, "kwa ajili ya kazi". Gauni la harusi la mteja wangu linanuka kama jalala linaloungua. Mshtakiwa wa leo ni rangi za mafuta.

14 Machi
Ukuta umekamilika, na sijui nicheke au nilie. Amechora mwanamume aliyefumba macho kwa raha, sigara mdomoni, moshi unampanda taratibu kama shuka jepesi lililoanikwa. Watu wanasimama kutazama. Kaka yangu, ambaye duka lake linatazamana na ukuta huo, alinipigia simu sauti ikimcheza kwa furaha.

"Dada, sigara zimeniishia! Kuna mzee alikuwa ameacha kabisa. Ametazama picha, akashusha pumzi, akavuka barabara, akanunua mbili. Shemeji ni baraka."

15 Machi
Daktari wa koo ndiye msimamizi wa kazi hiyo. Nilikwenda na Brashi alipoitwa. Ni msichana tu, miwani mikubwa, maneno machache, nikamwona ana maringo. Alisimama kwenye manyunyu akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema, "nilikuomba onyo. Umenichorea tangazo la biashara."

Brashi akaamriwa aandike chini kwa herufi kubwa kwamba sigara husababisha saratani. Akaandika, kwa rangi ya dhahabu, herufi zenye vivuli na mikia. Kaka yangu anasema ukisimama mbali unadhani ni jina la sigara mpya.

18 Machi
Imenyesha kutwa nzima. Uso wa yule mwanamume umeyeyuka, umeteremka ukutani mpaka mtaroni. Kilichobaki ni sigara peke yake, hewani, inang'aa. Kumbe Brashi aliuchora uso kwa rangi ya maji ili uwahi kukauka, lakini sigara akaipa rangi ya mafuta kwa sababu "ndiyo roho ya picha".

Daktari alitoka, akautazama. Alirudi ndani akafunga mlango.

19 Machi
Mshtakiwa wa leo ni mimi. Eti supu yangu ina pilipili manga nyingi.

23 Machi
Kazi imehamishiwa ndani, kwenye korido wanakosubiri wagonjwa, mvua isikoweza kufika. Safari hii daktari hataki watu wala moshi. Anataka makoo mawili yaliyochorwa kutokea ndani, zima na bovu. Akampa kitabu. Brashi akakirudisha.

"Hili si koo, daktari. Hii ni picha ya koo."

Akampa koo la plastiki, lile la kufundishia wanafunzi. Brashi akaligonga kwa kucha. "Na hili ni la kuchezea watoto."

Basi kila siku anakwenda hospitali, anapita mbele ya mlango wa daktari wa koo akikohoa, anabishana naye kuhusu makoo ya watu wengine, kisha anarudi nyumbani na lake. Nikimwambia akae kwenye benchi la hapo koridoni japo mara moja, anasema benchi ni la wagonjwa. Nina mume ambaye siku moja atanipasua kichwa.

26 Machi
Ugomvi mkubwa. Sigara zake zinapotea. Jana pakiti iliyokuwa kwenye koti, leo ile aliyoificha nyuma ya redio. Amenijia juu kwamba nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu. Nimemwapia kwamba sijazigusa, na ni kweli, ingawa naona aibu kwamba mtu mwingine amelipata wazo hilo kabla yangu. Namshuku kaka yangu. Huyo anaweza kukuuzia kitu, akakiiba, akakuuzia tena.

29 Machi
Mvua. Mshtakiwa wa leo ni feni, ambayo haijawashwa tangu masika yaanze.

2 Aprili
Leo nimefanya jambo nyuma ya mgongo wake. Nilikuwa nimeona koti jeupe la daktari limefumuka mfukoni, basi nikabeba sindano na uzi, nikaenda nikajifanya nimepita tu. Akanikaribisha ofisini, akavua koti, nikakaa kushona. Nikamweleza habari ya sauti.

Akaacha kuandika. Akauliza imeanza lini. Akauliza kama anaumia akimeza. Akauliza kama amepungua mwili.

"Hapana," nikamjibu, "hajapungua. Suruali zake tu ndizo nimezibana, mara mbili tangu mwaka uanze."

Nilisema kwa kawaida, kama ninavyoongea na mteja. Kisha nikasikia nilichokisema. Sindano ikanichoma kidole na sikushtuka. Mimi, ambaye kazi yangu ni kujua viuno vya watu, nimempunguzia mume wangu suruali mara mbili na kichwani nilikuwa nafikiria bei ya uzi.

"Mlete," daktari akasema.

"Haji."

"Kwa nini?"

"Anaogopa. Hatasema, lakini mimi namjua."

Akaweka kalamu chini, akafikiri. Yale niliyoyaita maringo, leo nimeona ni tabia ya mtu anayefikiri kabla ya kufungua mdomo. Akavaa koti lake, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Si anataka kuona koo la kweli?" akasema.

Tukatazamana, na hapo hapo tukaelewana.

3 Aprili
Nitaandika yote, maana sitaki kusahau hata kidogo.

Asubuhi daktari alimwita Brashi, nami nikawepo kwa sababu "nimesahau mkasi wangu". Akamwambia ana mpira mwembamba wenye kamera mbele, unapitia puani, na koo hai linaonekana kwenye kioo cha mtambo kama sinema.

Brashi akaweka chini makopo ya rangi. "Nionyeshe."

"Tatizo ni kwamba wagonjwa wangu hawatakubali kuchunguliwa na mchoraji. Labda nikuonyeshe la kwako."

Brashi akanigeukia. Nikajishughulisha na kutafuta mkasi chini ya meza, uso umeniwaka moto.

"Utaniandika mgonjwa?" akauliza.

"Nitakuandika mchoraji."

Akakaa. Akaomba karatasi, akatoa penseli sikioni, akataka kioo kigeuzwe upande wake kwa sababu mwanga unakuja vibaya. Daktari akampulizia dawa ya ganzi puani, akaanza kuingiza ule mpira. Machozi yanamtoka mume wangu, pua imemvimba, na mkono unachora! Hawezi kuongea, basi anamwongoza daktari kwa penseli: kushoto kidogo, rudi nyuma, sogea, hapo hapo, usitikisike. Na daktari anatii. Nilikuwa nimefunga mdomo kwa mikono miwili nisiangue kicheko.

Mpira ulipotolewa akakohoa, akafuta macho, uso wote umemng'aa. "Maajabu haya! Kuna mapazia mawili meupe, yanafunguka na kufunga. Miaka yote hii ninayo kumbe!" Akatuonyesha karatasi. "Na hapa, pazia la kushoto, kuna hiki kidoa cheupe chenye mikwaruzo. Hiki nimekipenda. Bila hiki picha ingepooza. Kinaitwaje?"

Daktari akavua miwani akaifuta. "Hicho hakitakiwi kuwepo, fundi."

Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Brashi aliitazama karatasi yake, kisha akatazama kioo, ambako koo lake lilikuwa bado limesimama, kubwa na jekundu. Hakuna aliyemwambia kilichotokea. Alikiona mwenyewe, kwa macho yake, kama anavyotaka vitu vyote.

"Ni moshi?" akauliza.

"Moshi unapita hapo kila siku, na ngozi ya hapo ni laini kama ya ndani ya shavu. Ukiiunguza, inajitengeneza upya. Ukiiunguza tena, inajitengeneza tena. Mwishowe inakosea kujitengeneza, na kosa hilo likiendelea kukua bila breki, ndiyo saratani."

"Kama ukuta wa bafu," akasema. "Unakwangua, unapaka. Unakwangua, unapaka. Siku moja rangi inaota mapele na huwezi kuizuia."

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Sijui. Inaweza kuwa bado haijafika huko. Nataka nikate kipande kidogo kikapimwe."

Ndipo akanigeukia. "Mlikula njama."

"Tulikula," nikasema. Nilitegemea apige kelele, na nilikuwa na majibu yangu tayari. Alinitazama tu, mpaka nikaanza kurekebisha kitambaa changu kichwani bila sababu. Kisha akachukua penseli.

"Daktari, urudishe huo mpira," akasema. "Upande wa kulia sijaumaliza."

4 Aprili
Leo hakumshtaki mtu.

8 Aprili
Kipande kimekatwa, kimepelekwa kupimwa. Brashi amelala mchana, jambo asilolifanya kamwe.

Nilikwenda kuchota unga pipani, mkono ukagusa kitu kigumu. Nikachomoa pakiti ya sigara. Nikachomoa nyingine. Pipa lilikuwa na unga kiasi na sigara kiasi. Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama! Ni wewe?"

"Punguza sauti, atasikia."

"Lakini si ulisema nimuache? Kila siku unamtetea!"

Akakaa kwenye kigoda, akapangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. "Nilimzika mume wangu nikiambiwa ni kikohozi, mwanangu. Nikakubali, maana kingine ningekifanyia nini? Huyu alipoanza kukohoa vile vile, nikawa nasema vile vile. Mdomo ulikuwa unasema, mikono inaiba."

Miaka yote nimeishi na mama huyu nikidhani tunavutana kamba. Nikakaa naye chini. Tukazivunja sigara zote moja moja, tukazitupa chooni, tukapepeta unga. Jioni chakula kilikuwa na harufu ya tumbaku na hakuna aliyelalamika.

11 Aprili
Mvua. Majibu bado.

12 Aprili
Majibu bado. Nimeshona mkono wa kushoto wa blauzi ya mteja upande wa kulia, na wa kulia ndani nje.

13 Aprili
Majibu bado. Brashi hajavuta tangu siku ile ya mpira, na Mungu anisamehe, karibu nimnunulie mwenyewe. Amegombana na mlango. Amegombana na redio ikiwa imezimwa. Ametafuna penseli mbili na kijiti cha brashi. Ananiambia mikono haina pa kwenda. Nimempa maharage ayachambue, akayapanga kwa rangi.

15 Aprili
Ni saratani.

Nimeliandika neno ili nilione. Daktari alilisema kwa upole lakini hakulizunguka. Ni ndogo, bado changa, imekaa kwenye lile pazia la kushoto tu na haijatoka hapo. Ataitoa kwa kupitia mdomoni, bila kupasua shingo.

"Itatoka yote?" nikauliza mimi, maana Brashi alikuwa anatazama ukuta.

"Natumaini yote. Kuahidi siwezi. Tutakuwa tunaichungulia kila baada ya muda. Imewahiwa. Angekuja mwisho wa mwaka, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Na kupungua kwangu?" Brashi akasema.

"Mtu anayekula moshi hali chakula. Acha sigara, utaona. Na ukiirudia sigara, fundi, utakuwa unaipaka rangi juu ya ukuta niliotoka kuukwangua."

"Nimalize kwanza korido."

"Utamaliza nikishamaliza mimi."

Nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani nikalia kwa sauti, nikaosha uso, nikatoka nikawagombeza wote kwa viatu vyenye matope.

17 Aprili
Kaka yangu alikuja na mfuko wa matunda. Akamkumbatia shemeji yake, akasema kuanzia leo hamuuzii sigara hata akipiga magoti. Nikamsindikiza mlangoni. Akasimama, akachezea funguo, kisha akaninong'oneza, "Dada, hivi mtu kukohoa kila asubuhi, ni kawaida?"

"Wewe si unauza tu? Tangu lini unavuta?"

"Naonja," akasema. "Nijue ninachouza."

Nimemshika sikio kama zamani tukiwa watoto. Jumatatu anakwenda kwa daktari, na mimi ndiye nitakayefunga duka lake.

22 Aprili
Wamemwingiza asubuhi. Mimi na mama mkwe tukakaa koridoni, chini ya ukuta wake ambao haujaisha. Makoo yote mawili yamekwisha kuchorwa. Maandishi ndiyo bado. Lile la kulia zima, na lile la kushoto lina kidoa cheupe. Amelichora vizuri mno mpaka nikaona haya, kama vile amemwanika mtu hadharani.

Benchini mtu mmoja akamuuliza mwenzake, "Hiyo nyama gani?"

"Maini," akasema mwenzake. "Ila yamechacha."

"Ni koo la mume wangu," nikasema. "Yuko ndani hapo, linakatwa sasa hivi. Ni sigara."

Wote wawili wakageuka kuutazama ukuta. Mzee mmoja akaushika mfuko wa shati lake palipokuwa na pakiti, akaufunika kwa kiganja, na kiganja hakukitoa. Mama mkwe akanishika mkono. Tulikaa hivyo mpaka daktari akatoka, kofia ya plastiki kichwani. Akatikisa kichwa kukubali kabla sijafungua mdomo. Imetoka, na kingo zake zinaonekana safi.

Sasa Brashi haruhusiwi kuongea mpaka koo lipone, hata kunong'ona. "Na sauti?" nikauliza. Daktari akasema itabadilika, kiasi gani hajui, nisubiri.

24 Aprili
Anaongea kwa kuchora. Asubuhi alitaka chai. Mtu wa kawaida angechora kikombe. Yeye akachora kikombe, kisahani, kivuli cha kikombe juu ya meza, na alipofika kwenye mvuke chai niliyomletea zamani ilikuwa imepoa. Akaghadhibika. Akachora chai iliyopoa.

26 Aprili
Tumegombana. Yeye alitumia karatasi na mimi nikatumia mdomo, kwa hiyo nimeshinda. Sikufurahi hata kidogo. Nilijikuta nangoja anijibu kwa maneno, nikasimama katikati ya sebule kama mtu aliyepiga simu ikakatika.

29 Aprili
Mvua imepungua, bati halipigi kelele tena, na nyumba imekuwa kimya mno. Mwezi uliopita ningelipa mtu amnyamazishe kikohozi. Leo nimekaa kwenye cherehani nikijaribu kuikumbuka sauti yake ya zamani, ile kabla ya mikwaruzo, aliyonitongozea akiwa juu ya ngazi na kopo la rangi, na sikuipata sawasawa. Nilimpenda kwa sauti kabla sijamwona uso, maana jua lilikuwa nyuma yake. Nikiipoteza hiyo sitajua nimdai nani.

2 Mei
Jua. Amemaliza maandishi ya korido. Safari hii ni meusi, hayana kivuli wala mkia.

6 Mei
Tumekwenda kwa daktari, mimi, yeye na mama yake. Mpira ukaingia tena puani. Mapazia yote mawili ni safi, la kushoto limesinyaa kidogo. Daktari akauzima mtambo, akavuta kiti karibu.

"Sasa fundi, sema neno. Polepole, usilazimishe."

Brashi akatutazama. Nikamuona anaogopa, waziwazi, bila kujificha nyuma ya chochote, na mimi nikaogopa naye. Akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Ikatoka sauti nyembamba, yenye upepo ndani, ya mtu tusiyemfahamu kabisa. Brashi akashtuka, akageuka kutazama nyuma ya kiti.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mume wangu," nikamwambia, na nikamwambia tena, maana mara ya kwanza sauti yangu mwenyewe haikutoka.